Mdoli wa Kupigia Picha

Mpaka leo nikiingia sebuleni kwa mtu nikakuta kabati la vioo limejaa vikombe ambavyo mwenye nyumba mwenyewe hathubutu kuvinywea, hasira hunipanda. Ndivyo tulivyolelewa Njombe: kizuri ni cha wageni.

Chuo chetu cha uuguzi kililetewa na wafadhili mdoli wa mazoezi, kichanga cha mpira ambacho ukikipulizia hewa vizuri kifua kinapanda. Mwalimu wetu akaufunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, akafunga chumba, ufunguo akauvaa shingoni. "Mtauharibu na hiyo mikono yenu ya kulimia viazi," alisema. Wakija wageni tunavalishwa makoti meupe, tunapangwa kuuzunguka, tunapigwa picha. Picha zikiisha, haya, tokeni! Kumpulizia mtoto hewa tulijifunzia ubaoni. Nilikariri hatua zote, mtihani nikaufaulu. Upuuzi mtupu.

Nikapelekwa Makambako kwa mafunzo ya vitendo. Asubuhi moja mama kutoka Kichiwa alijifungua mikononi mwangu. Mkunga aliyenisimamia alikuwa ameitwa chumba cha pili, kuna mzazi anatoka damu. Mtoto hakulia. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, kimya. Nikachukua mfuko wa hewa, nikamwekea barakoa yake usoni, nikabonyeza. Hewa ikatorokea mashavuni. Nikabonyeza tena, kifua hakikupanda. Hatua zote nilikuwa nazo kichwani, jamani, lakini mikono haikujua ikandamize kiasi gani, wala shingo ile ndogo niilaze vipi. Nikapiga kelele kumwita mkunga.

Alikuja mbio. Akakiinua kidevu kidogo tu, akabana barakoa kwa vidole viwili, kifua kikapanda palepale. Kumbe ni jambo la kuonyeshwa na kurudiarudia, basi! Lakini tulikuwa tumeshachelewa. Aliendelea kupuliza mpaka jasho likamtoka, kisha akamfunika mtoto kwa khanga, uso na vyote.

Yule mama hakunilaumu. Afadhali angenitukana. "Asante, nesi," aliniambia. "Nimekuona ulivyohangaika na mwanangu. Mungu ndiye aliyepanga." Mungu gani? Waliopanga nawajua mimi, na asante yake nikaipokea.

Siku chache baadaye alirudi kuangaliwa afya yake. Aliponiona alininyooshea kidole mbele ya wajawazito waliokaa kwenye benchi. "Mkija kujifungua mwulizieni huyu," akawaambia. "Ana roho nzuri." Wakageuka kunitazama, wakanitabasamia, na mmoja akaniuliza zamu yangu ni lini.