Gari la Mikate la Magurudumu Matatu

Tulikuwa wanne siku ile Wadi Kabir, hapa Maskati: mama yetu Bi Salma binti Nassor, kaka yetu Khamis, mdogo wetu Zuwena, na mimi Asya, wa katikati. Miaka ya tisini hiyo, sote tushakuwa na wajukuu. Baba alikuwa keshafariki, eda ya mama imekwisha zamani, lakini hatoki nje hata kwa harusi. Tukimbembeleza husema, "Nimetoka vya kutosha duniani."

Basi Khamis akaliona gari bovu nyuma ya gereji iliyopakana na nyumba ya mama, la Kijerumani, dogo, gurudumu moja mbele na mawili nyuma, injini imekaa juu ya lile la mbele kama mtu aliyejitwika mtungi. Enzi zetu Chake Chake, kule Pemba, kabla hatujahamia Oman, baba alikuwa na gari kama hilo, akipelekea mikate ya boflo madukani. Baba akisema Wajerumani walilitengeneza wakati chuma kimewapungukia, ndiyo maana wakapunguza gurudumu moja. Nnakumbuka harufu ya mikate ya moto na petroli. Tukienda skuli tunanuka hivyo, watoto wanatufuata kama paka. Mlima ukilishinda, gurudumu la mbele likizunguka bure, baba hupiga kelele, "Uzito mbele!" Nasi twaruka kukaa juu ya pua yake, matako yanaungua, twacheka.

Khamis akalifufua. Mama akakubali kupanda, "mpaka barabarani tu, kisha unirudishe." Akakaa mbele na Khamis. Mimi na Zuwena tukajipakia nyuma na sufuria la pilau, tukiomba Mungu mama akubali kufika mpaka Hail, nyumbani kwa Zuwena.

Kutoka gereji kuna kijilima cha kokoto. Gari likagoma, gurudumu linazunguka, kokoto zinaruka. Khamis akashuka kutazama injini.

"Injini haina kitu," mama akamwambia. "Asya! Zuwena! Mwafanya nini huko nyuma? Uzito mbele!"

"Mama, magoti yangu..." nikalalamika.

"Magoti ndiyo uzito wenyewe. Njoo!"

Tukapanda na mabuibui yetu, mabibi wawili wazima, mafundi wameacha spana wanatutazama. Zuwena akaninong'oneza, "Tukianguka, sema tumegongwa." Khamis akarudi kwenye usukani, gari likanguruma, likapanda. Kule juu Khamis akaanza kukata usukani amrudishe mama nyumbani.

"Wageuza wapi?" mama akasema. "Pilau litapoa. Twende Hail."

Tangu siku ile hakukosa harusi, mpaka alipotangulia.

Siku hizi wajukuu zangu wananunua magari yao mapya kwenye maduka ya Wattaya, yanapanda mlima kimyakimya, wao ndani na simu zao. Mazuri, sikatai. Ila hayamwombi mtu msaada.

Nanyi mlionunua boflo za baba, nisahihisheni: gari lake lilikuwa kijani au buluu? Khamis alilipaka hili kijani kwa neno langu. Mama alilipitishia kidole, akapanda, na sasa hayupo wa kumuuliza.