Mashine Mbili za Nakonde

Sikulala usiku ule kwa sababu ya mashine ya gemu. Cheka tu, hata mimi ningecheka. Lakini ukimaliza kucheka unisikilize, maana haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa alasiri, watu wakipita na mikokoteni yao ya mahindi. Anayekwambia mambo haya hutokea usiku tu, huyo hajafika mpakani.

Swali lenyewe lilikuwa hili: ninunue ile nene au ile nyembamba? Nazungumzia mashine za zamani za kuchezea CD, zile zilizojaa kwenye mabanda ya gemu tulipokuwa watoto. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimezungusha bahasha ya vyeti mpaka pembe zake zimekatika, na kazi hakuna. Ndipo nikapata wazo. Pale Tunduma malori hukaa kwenye foleni siku na siku yakisubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo, na madereva wengi ni rika la marehemu kaka yangu, wamekulia kwenye gemu hizo. Nikifungua banda la gemu za zamani, watakosaje kuja? Mama alinielewa. Aliuza kahawa yake yote ya msimu, kule kwetu karibu na Mbozi Mission, akanikabidhi fedha zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kitenge.

"Mwanangu," akasema, "mbuni hauzai mara mbili kwa mwaka."



Kwa hiyo sikuwa na ruhusa ya kukosea, na hilo kwa mtu kama mimi ni ugonjwa. Ile nene ni ngumu, fundi yeyote anaifungua, na ndani ina nafasi ya kuweka diski ya kuhifadhia gemu ukaachana na CD kabisa. Lakini ni nzito, inakula umeme, na feni yake inaunguruma kama mashine ya kusaga. Nyembamba ni kimya na inabebeka, ila lenzi yake ya kusomea CD hufa mapema, na lenzi ikifa umebaki na kopo. Nikiamua nene, moyo unauliza, na umeme je? Nikiamua nyembamba, unauliza, na lenzi je? Nilikuwa nimefikia kwa rafiki yangu Tumaini, fundi simu wa pale Tunduma, naye alinisikia nikijigeuza mpaka kunakucha.

"Msomi," akasema akivaa viatu, "wewe hata ugali unaufanyia utafiti kabla ya kunawa. Vuka Nakonde, zinauzwa huko, kawashe zote mbili, uchague, uniache nilale leo."

Kabla sijavuka, nikueleze kuhusu kaka yangu Gideoni, maana bila yeye kisa hiki hakisimami. Alikufa mwaka ule nilioingia chuo. Asubuhi alikunywa chai na kututania, mchana tukaitwa tukachukue mwili. Watu wakanong'ona kwamba hakufa, kachukuliwa msukule, kwamba mchawi anamtumikisha mahali na sisi tutazika gogo la mgomba. Sisi ni watu wa kanisa. Tuliziba masikio, tukazika, tukaimba.

Yeye ndiye aliyenifundisha gemu. Mama alitukataza kukanyaga bandani, kwa hiyo tulikuwa na ishara yetu. Gideoni alikaa karibu na mlango, pedi ya kuchezea mapajani. Vitufe vikitazama juu, njia ni nyeupe, endelea kucheza. Akiipindua pedi vitufe vikatazama chini, maana yake Mama anakuja, toka kwa nyuma, usiulize. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeijua ishara hiyo. Naomba ulishike hilo.

Basi nikavuka. Nakonde, upande wa Zambia, ni ng'ambo ya barabara tu. Nilipita wauza redio, nikapita mitumba ya viatu, nikakuta banda la turubai la bluu ambalo sikumbuki kuliona siku nyingine. Ndani kulikuwa na mwanamume wa makamo aliyevaa shati jeupe. Mbele yake, juu ya meza, mashine mbili. Nene na nyembamba.

"Mulishani mukwai," alinisalimu Kibemba, kisha akageukia Kiswahili. "Karibu. Ni nene au nyembamba?"

Sikuwa nimefungua mdomo. Utaniuliza kwa nini sikukimbia pale pale. Niamini, nilifurahi! Tangu nimalize chuo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza ninataka nini. Ofisini wanauliza uzoefu, nyumbani wanauliza lini.

Akaziwasha zote mbili. Zilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia, na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu kila nilipoinamia moja, ile nyingine ilionekana bora. Akanisogezea kigoda. Akanimiminia munkoyo, kile kinywaji chao kitamu cha mizizi, kwenye kikombe cha plastiki.

"Kunywa kwanza. Mtu hachagui koo likiwa kavu."

Kwetu kukataa kinywaji cha mtu ni kumtukana. Nikakipokea kwa mikono miwili kama nilivyolelewa. Kilikuwa kimefika karibu na mdomo aliposema, kwa upole kabisa, "Ukikosea, kahawa ya mama itakuwa imekwenda bure, si ndiyo?"

Nani alimwambia habari za kahawa?

Nikainamisha macho, nikaona viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, vinang'aa. Wewe unayelijua vumbi la Tunduma na Nakonde, unajua halimsamehe mtu, awe mchungaji au ofisa wa forodha. Viatu vile havikuwa na hata chembe.

"Nadhani nitarudi kesho," nikasema.

"Awe, mukwai, hapana. Haraka ya nini? Linganisha tena. Muda upo. Hata wenzako bado wanalinganisha."

Akanionyesha nyuma yangu. Kulikuwa na benchi, na juu yake vijana wamekaa wamebanana, kila mmoja ana pedi mkononi. Nyuso zao zilikuwa nyeupe kama za watu waliotoka kusaga mahindi. Vidole gumba vilikwenda mbio. Mbele yao hapakuwa na televisheni, palikuwa na turubai tupu. Nikazifuata nyaya za pedi kwa macho. Zilishuka miguuni mwao, zikaishia mchangani. Mmoja alikuwa bado amevaa tai, kama mtu aliyetoka kwenye usaili.

Mwishoni, karibu na mlango, alikaa Gideoni.

Alikuwa na koti la kijivu tulilomzika nalo. Vifungo vyake nilivifunga mimi. Hakunitazama. Vidole vyake havikusimama. Nikamwita, "Kaka!" Wale wengine wakaendelea kubonyeza. Yeye akasimamisha vidole. Polepole, kana kwamba pedi ile ina uzito wa jiwe la kusagia, akaipindua. Vitufe vikatazama chini.

Kikombe kikanidondoka.

Nilimshika mkono nimvute, naapa nilimshika. Ulikuwa baridi kama bomba la maji la Mbozi asubuhi ya mwezi wa saba. Hakuinuka. Alinisukuma kwa bega, vile vile alivyokuwa akinisukuma utotoni nikichelewa kutoka. Nyuma yangu nikasikia yule mtu akisema, sasa bila upole, "Mbona hujachagua?"

Nilitoka kwa nyuma. Sikuuliza.

Kabla jua halijazama nilirudi na Tumaini. Mahali pale pale, chini ya turubai la njano, tulimkuta mama mmoja anauza vitunguu, akatuambia hapo ni pake tangu mtoto wake wa kwanza akiwa mgongoni. Lakini mchangani palikuwa na doa bichi la kinywaji kitamu, na nzi waliojaa kwenye vitunguu hata mmoja hakutua juu yake. Tumaini, mtu anayetania hadi msibani, alilitazama doa lile, akanivuta mkono tuondoke.

Nikaenda kwa Mama. Nilimweleza yote nikitegemea aniambie nimeota. Nilitamani aniambie hivyo. Alikuwa anachambua maharage, na hakuacha kuchambua.

"Jeneza lilikuwa jepesi," akasema. "Wabebaji waliniambia. Nikawaambia wanyamaze, tuimbe."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unakwenda chuo. Ningekwambia, ungesoma nini?"

Tangu siku ile sijui nimlaumu nani, na nimejaribu wote. Mama, kanisa, mimi. Nilisoma miaka yote ile ili nijue mambo, na jambo moja la nyumbani kwetu walilijua wabeba jeneza. Sinywi kitu ambacho anayenipa hajajimiminia yeye kwanza. Tumaini anasema nikilala vidole gumba vyangu vinacheza.

Nawe unayelala na swali dogo kifuani, hiki au kile, leo au kesho, nakuonya. Yule mtu halazimishi. Hakupigi, hakufungi kamba. Anakupa kigoda na anakupa muda. Ukiona mtu anakupa muda mwingi kuliko uliomwomba, mtazame viatu.

Mimi niliamua. Nilikwenda Vwawa kwa mwalimu mmoja tunayesali naye, aliyekuwa anahama na kuuza vitu vyake, nikanunua ile nene bila kuiwasha mara mbili. Sikuchagua kwa sababu ya diski wala ya ugumu wake. Niliichagua kwa kelele ya feni. Nimefungua banda upande wetu, mkabala na foleni ya malori, na nikiiwasha nataka isikike mpaka ng'ambo.

Madereva wanakuja. Huuliza kwa nini pedi ya karibu na mlango simpi mtu. Nawaambia ina mwenyewe. Jioni nikifunga naipangusa vumbi, nahakikisha waya wake umechomekwa, na naiacha kwenye benchi vitufe vikitazama juu.