Kundi la Watu Wawili

Ndugu zangu, chekeni nami, maana nimeshindwa kujificha.

Mume wangu Sefu ni dereva wa lori. Akishapita Msata, hupita wiki nne sijamwona. Mimi ndiye msimamizi wa jumuiya ya simu ya wazazi wa madrasa yetu hapa Dunda. Ndani yake niliona kitufe cha kuongeza kundi la kutumiana ujumbe. Kwa ujuzi wangu wa bandia, nikadhani jumuiya ni kama kabati, kila kundi na droo yake yenye kufuli. Nikafungua la sisi wawili, nikaliita Nyumbani.

Kila asubuhi nilimwandikia. Juzi nikaandika, “Sefu, shati lako sijalifua. Nalala nalo.”

Jana ustadhi akanipigia.

“Asalaam aleikum, Mama Rehema. Samahani sana. Kundi lako limo ndani ya jumuiya, kwa hiyo mzazi yeyote anaweza kujiunga. Tulidhani ni la masomo ya nyumbani.”

“Mmeingia wangapi, ustadhi?”

“Thelathini na wawili. Na mama mkwe wako.”

Nikaketi sakafuni, nikafungua orodha ya waliousoma ule ujumbe. Wote walikuwamo, isipokuwa Sefu.