Mawinda Juu ya Paa

Kabla mtoto hajazaliwa, mimi na mume wangu tulikubaliana kwamba hatutanunua pampasi. Fedha ambazo zingekwenda dukani kila wiki tungeziweka, na zikitosha kodi ya kuanzia tungehama nyumba ya mama yake hapa Mji Mkongwe, tukapange vyumba viwili Bububu, vyenye mlango wetu wenyewe. Wazo lilikuwa langu. Nimesoma uchumi chuo kikuu, nikalieleza kama mtu anayetetea tasnifu. Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwani mimi nilivishwa nini?"

Mama mkwe sikumwambia habari ya Bububu. Nilimwambia habari ya nepi tu, akafurahi hata akafungua sanduku lake na kutoa kanga kuukuu.

"Dukani zipo za taulo," nikasema.

"Taulo halikauki. Winda ni kanga iliyochoka."

Akazichana kwa meno na mikono. Maneno ya kanga yalikatika katikati, na mwanangu akaanza maisha amefungwa nusu sentensi.

Nilichosahau katika hoja yangu ni nyumba yenyewe. Maji hutoka asubuhi, kwenye bomba la chini, na sisi tunakaa ghorofa ya juu. Kuta za mawe zinatoka jasho mwaka mzima, hapakauki kitu ndani. Jua liko juu ya paa peke yake, na ngazi za kufikia paa ni nyembamba na zimesimama wima. Kwa hiyo asubuhi nilikuwa mtu wa bomba, mchana mtu wa paa. Jioni nilipanda tena kuanua, kwa sababu mama mkwe hakubali nguo za mtoto mchanga zikutwe nje na magharibi.

"Zikikutwa zitafanywa nini?" nilimuuliza.

"Sisemi. Wewe zianue."

Halafu kulikuwa na twahara, usafi wa kuswalia. Wiki za mwanzo nilisuuza winda lililokojolewa kidogo, nikaona limetosha. Mama mkwe akalichungulia ndani ya beseni, akanirudishia.

"Huyu ni mtoto wa kike. Mkojo wake unaoshwa, maji yapite. Wa kiume anayenyonya tu, ungenyunyizia maji ikatosha. Lakini ushazaa jike."

"Kwa nini, mama? Mkojo si mkojo?"

"Haya, msomi. Kwanza osha, kisha uulize."

Niliosha. Niliuliza pia, kwa mume wangu, kwa simu yangu, kwa dari, na majibu niliyoyapata hayakunipunguzia ndoo hata moja.

Masika yalipoingia, paa nalo likafungwa. Mama mkwe akafunika chetezo kwa tenga, akatandaza mawinda juu yake na kuyafukiza udi mpaka yakauke. Mtoto wangu alijisaidia katika harufu ya bibi harusi. Nilicheka siku ya kwanza. Siku zilizofuata nilikaa kando ya lile tenga nikigeuza vitambaa visiungue, mvua inapiga madirisha, nikifikiria kwamba ninaweka fedha za kutoka humu ndani kwa kazi isiyoniruhusu kutoka humu ndani.

Siku moja jua lilipotoka, mwenzangu wa chuo, anayefanya kazi Jambiani na wanawake wanaolima mwani, alinipigia kunialika.

"Njoo siku moja tu ubadilishe hewa."

"Nguo zangu ziko juu ya paa."

"Una shahada ya uchumi, shoga, unalinda kamba?"

Mvua zilipopungua fedha zilikuwa zimetosha. Alasiri moja mume wangu, anayefanya kazi hoteli, alipiga simu kutoka kazini. Dalali kapata vyumba, na kuna mtu mwengine anavitaka. Niende leo hii. Nikamfunga mtoto mbeleko.

"Nafika Bububu mara moja, mama."

"Na nguo?"

"Nitarudi kabla ya magharibi."

Vyumba vilikuwa vya chini, vina uwani wa mchanga, na jua limejaa kila pembe. Mwenye nyumba alinionyesha jiko, choo, milango inavyofunga. Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye kamba ya nguo, naivuta kuona kama imekaza. Nilipojiona ninafanya hivyo nikaiachia.

Adhana ya magharibi ilinikuta huko huko. Nikayakumbuka mawinda juu ya paa, na kusema kweli nilifurahi. Niliyaacha kwa makusudi. Nilitaka giza liingie, nirudi, niyaone yananing'inia vile vile, hayajafanywa lolote na yeyote.

Niliporudi, mawinda yalikuwa yamekunjwa, yamepangwa kwenye benchi la ukumbini. Mama mkwe alikuwa amekaa ngazi ya chini kabisa, miguu kainyoosha, pumzi bado hazijamrudia. Tangu nimeolewa sijapata kumwona akipanda paani. Magoti yake hayataki.

"Shikamoo, mama. Umepanda wewe?"

"Marahaba. Nani mwengine? Nimepanda kwa mikono, nimeshuka kwa makalio."

"Ungeziacha tu."

"Za mtoto wa nani niziache?"

Nilifungua mbeleko. Mtoto alikuwa amelowa, nami pia.

"Hivyo vyumba," akasema, "viko juu au chini?"

Nikamgeukia na mbeleko mkononi.

"Mumeo kanambia zamani. Siku ile ile mlopanga."

"Viko chini, mama."

"Uwani upo?"

"Upo. Na jua."

"Alhamdulillahi. Hizi ngazi zitaniua mie. Basi chumba kimoja nyinyi, kimoja mie na mjukuu wangu. Na kanga zilobaki tutachania huko."

Nilikuwa na hoja. Ninazo hoja kwa kila kitu, na hii niliitayarisha tangu nikiwa na mimba. Nikamtazama magoti. Yalikuwa na chokaa ya ukutani, pale alipokuwa akijikokota.

"Mlete nimfunge," akasema, akachukua winda la juu kabisa.

Nikampa mtoto. Simu yangu ikalia. Alikuwa dalali, yule mtu mwengine anasubiri, anataka jibu. Mama mkwe aliinua uso, pini kaibana midomoni, akangoja kusikia.

Nikasema tunavichukua.