Pijo ya Jailos na Harusi ya Esta

Kila Jumapili Damari alisukuma gari akiwa amevaa nguo za kanisani. Yeye na wanawake wawili wa jirani walilisukuma kutoka uani hadi mteremkoni pale Uyole, huku mumewe Jailos amekaa kwenye usukani kama mkuu wa wilaya, akiwapigia kelele waongeze nguvu. Likishika moto, lilitema wingu jeusi usoni mwao. Jailos hakusimama kuwapandisha. Eti likisimama litazima. Walifika kanisani kwa miguu, pua nyeusi, wakamkuta keshakaa benchi la mbele.

Pijo hiyo ya dizeli aliinunua kwa Mzungu mmoja mkulima wa pareto aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa gari la umri mkubwa lakini lililotunzwa, na mwanzoni lilikwenda bila taabu. Mtunzaji alipobadilika, nalo likabadilika. Likaanza kugonga, kutoa moshi na kugoma asubuhi za baridi. Fundi mmoja wa mjini Mbeya alilisikiliza tu akasema nozeli zimechoka: badala ya kunyunyiza dizeli ndani ya injini, zinaidondosha. Zifunguliwe, zipelekwe Iringa zikapimwe kwa mashine, zilizokufa zibadilishwe. Na zikirudishwa, zipate washa mpya za shaba, vile vipete vya kuziba pumzi isivuje.

"Niende Iringa kwa ajili ya vidude vya ukubwa wa kidole?" Jailos alisema. Akamwita mdogo wake, Edmund.

Edmund alikuwa amefanya kazi kwenye ujenzi wa barabara kuu ya Zambia. Nyumbani waliambiwa alikuwa upande wa mitambo. Damari alijua, maana alimwona kwa macho yake, kwamba kazi yake ilikuwa kushika bendera nyekundu na kusimamisha magari. Barabara ilipokwisha, alirudi na ovaroli ya buluu na spana moja, akawa fundi.

Alifungua nozeli zote, akazipanga juu ya gunia la viazi, akazisugua ncha kwa msasa mpaka zikang'aa.

"Shemeji," Damari akamwambia, "yule fundi wa mjini alisema washa za shaba hazirudishwi za zamani."

"Shemeji, mimi nimewahi kuja jikoni kukufundisha kupika?"

"Ungekuja ungepika nini, bendera?"

Jailos akamkemea mkewe, siyo mdogo wake. Washa zikarudi zile zile.

Haukupita muda ikaja harusi ya binti yao Esta, aliyekuwa muuguzi Iringa. Damari alitaka waende na basi siku moja kabla. Jailos hakukubali. Alitaka watu wamwone baba wa bibi harusi akiteremka kwenye gari lake mlangoni pa kanisa. Basi wakaondoka asubuhi ya harusi yenyewe, Pijo imefungwa utepe mweupe, Edmund kiti cha mbele na ovaroli yake, Damari nyuma na kapu la zawadi. Walipofika Makambako utepe ulikuwa wa kijivu.

Mbele ya hapo, kwenye kilima, injini ikaanza kupiga mluzi. Ilikuwa pumzi inavuja kwenye zile washa za zamani. Nguvu zikaisha, moshi ukawafunika, gari likazima. Edmund akafungua boneti, akakuna kichwa, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha msasa.

Damari alipouona ule msasa, alichukua kapu lake akashuka. Lori lililobeba shaba kutoka Zambia lilikuwa linapanda taratibu, akalipungia.

"Mama Esta! Unaniachaje njiani?"

"Sijakuacha peke yako, Baba Esta. Una fundi."

Esta alikuwa anamsubiri mlangoni pa kanisa, mchungaji kashachungulia saa mara nyingi. "Mama, baba yuko wapi?"

"Baba yako anang'arisha nozeli."

Mjomba wa bwana harusi akasema bibi harusi hupelekwa na mwanamume. Damari akageuka kutazama barabara, upande huu na upande ule. "Mleteni basi," akasema. Akamshika binti yake mkono wakaingia, gauni la Damari likinuka dizeli ya lori.

Jailos alifika kesho yake akivutwa na trekta la wapasua mbao wa Mafinga, suti ina grisi mpaka kwenye kola. Edmund hakuwemo. Alikuwa amesema anakwenda kutafuta spana nyingine, akapanda basi la kurudi Mbeya.

Nozeli zikapelekwa kwa Didas, fundi wa pampu za dizeli pale Iringa. Alifunga moja kwenye mashine, akavuta mpini wa mashine, dizeli ikachuruzika kama chai ya birika lililotoboka. Ya pili vile vile. Kisha akafunga mpya, na dizeli ikatoka kama ukungu.

"Hizi nani alizipiga msasa?" Didas akauliza.

"Nilizinunua hivyo hivyo," Jailos akasema.

Damari alicheka mpaka akashika ukuta. Jailos akatazama viatu vyake.

Wakarudi Mbeya gari likiwaka kwa funguo, bila mluzi wala moshi. Walikuwa wameshaipita Mafinga Jailos alipouliza, bila kugeuka:

"Esta alipendeza?"

"Kamuulize Edmund."

Jailos akaendesha polepole, mikono yote miwili kwenye usukani, macho yamemwiva. Damari aliyaona kwenye kioo. Dharau yake ilikuwa bado nzima, wala hakutaka kuipunguza. Lakini walipofika Igawa akaanza kumsimulia, kuanzia kwenye gauni.