Pikapu ya Mahari ya Robi

Serikali iliporuhusu biashara huria, mzee Chacha wa Kitaji aliuza ng'ombe wa mahari ya bintiye Robi, akanunua pikapu mpya ya kupeleka samaki wa soko la Mwigobero huko Bunda. Haikumaliza hata msimu, gia ikaanza kuchomoka kwenye kila mlima. Fundi akafungua gia boksi, akafunga. Baada ya siku chache, ugonjwa uleule. Spea hakuna, samaki wanaoza barabarani, na Chacha anaitukana pikapu kama mtu.

Ndipo Robi akarudi kutoka kwa mumewe Butiama, jicho limevimba, mkono hauinuki.

"Baba, ananipigaga. Warudishie ng'ombe wao, mimi sirudi kule."

Chacha aliitazama pikapu ikivuja oili uani. Ng'ombe wa kurudisha walikuwa pale, wote, wamegeuka chuma.

"Panda, mwanangu. Nakurudisha kwako."

Robi alipanda. Njia nzima Chacha aliomba gia ichomoke, wakwame popote, apate sababu ya kurudi naye nyumbani. Siku hiyo, mpaka mlangoni kwa mkwewe, haikuchomoka hata mara moja.