Kitenge cha Harusi ya Mdogo Wangu

Kwetu Kivu, na hata huku Brussels tulikohamia na desturi zetu zote, harusi haianzi kanisani. Inaanza siku familia inapochagua kitenge. Tunakiita uniforme: rangi moja, ua moja, ukoo mzima. Mwanamke hupewa vipande vitatu, cha blauzi, cha sketi na cha kufunga juu. Mwanaume hupewa cha shati, basi. Mama yetu yuko Bukavu, kwa hiyo anayegawa huku ni shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye sote tunamwita tantine. Mkasi wake hauna rufaa.

Mimi nilizaliwa nikaitwa mvulana. Nilipomaliza chuo cha sanaa nilianza kuishi kama mwanamke niliyekuwa siku zote, na katika kila sherehe iliyofuata tantine aliendelea kuniletea kitambaa cha shati. Hakuniuliza kitu, nami sikumwuliza. Sikushona hata kimoja. Nilivipeleka kwenye karakana yangu karibu na stesheni ya Gare du Midi, nikavikata na kuvibandika kwenye mbao kwa gundi na nta, pamoja na picha zangu za utotoni na nywele za bandia zilizofagiwa kwenye saluni za Galerie d'Ixelles. Wajuzi wa sanaa walisimama mbele ya mbao hizo wakasema maneno marefu kuhusu utambulisho. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira na sikuwa na pa kuiweka.

Maana familia haikunifukuza. Walinipakulia chakula, wakanibusu mashavuni, wakaniuliza kama nimepata kazi ya maana. Na Kiswahili kikawasaidia: "yeye" ni yeye, awe mke au mume, hivyo waliweza kunijadili mwaka mzima bila mimi kujua wananihesabu upande gani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilichoka kuusubiri huo mshindo.

Ndipo mdogo wangu akachumbiwa. Huyo nimembeba mgongoni, nimemfundisha kusoma, na vita vilipotutoa nyumbani ni mkono wangu aliokuwa ameushika. Nikajiapiza: tantine akinikatia cha shati kwa harusi hii, siendi. Sitakaa upande wa wajomba, nimevaa kama mtu nisiye, nikimpigia makofi mdogo wangu akiwa bibi harusi.

Mwenzangu wa karakana, Mkolombia, naye mwanamke aliyebadili jinsia, hushona sura yake mwenyewe kwa uzi na shanga juu ya mapazia makuukuu. Nilipomweleza, alinishangaa. Mtaa wa Matonge umejaa vitenge, akasema, kajinunulie vipande vyako vitatu ujivalie. Nikamjibu kwa ukali zaidi kuliko alivyostahili kwamba cha kununua hata mtalii anaweza kukivaa. Hiki sharti upewe. Akaenda kuchemsha kahawa, na aliporudi na vikombe alisema sasa ameelewa.

Jumamosi ya kugawa nilikwenda Jette roho mkononi. Tantine anahudumia wagonjwa katika hospitali kubwa ya huko, na nyumba yake haiko mbali. Sebuleni wanawake wa familia walikuwa wameketi wakimenya karanga na kumsengenya bwana harusi, kwa upendo lakini bila huruma. Gora la kitenge lilikuwa mezani, buluu yenye ndege wa manjano. Tantine alikuwa akipima kizamani, kutoka puani hadi ncha ya vidole, kisha anakata na kumwita mwingine.

Zamu yangu ilipofika hakuita jina. Alinitazama juu ya miwani, akaanza kupima. Alipofika urefu wa shati, mikono yake ikasimama. Nilitaka kuondoka. Nilikwisha kuangalia koti langu lilipo.

"Zile bikwembe zote za mbele," akauliza, "uliziweka wapi?"

Nikamwambia vile vitenge vya miaka yote viko kwenye mbao, karakanani. Kumbe alijua. Mwenzake wa kazini alimwonyesha kwenye simu picha za maonyesho yangu, naye akakitambua kitenge cha matanga ya baba kimepakwa nta, kimebandikwa nywele. Alisema alilia chooni, hospitalini, hajui kama ni kwa uchungu au kwa aibu, maana alielewa kwa nini sikuwahi kuvivaa. Aliyasema hayo mbele ya wote.

"Bon," akasema. "Hii haubandike ku mabao. Hii ni ya kuvaa."

Akaendelea kupima. Kipande cha pili. Kipande cha tatu. Mkasi ukapita. Nilifarijika, nikaketi juu ya koti la mtu na kulia hadharani kama mtoto aliyepatikana sokoni. Binamu mmoja alinisukumia bakuli la karanga. Mwingine akauliza kama blauzi yangu itakuwa ya mikono mifupi, kwa sababu mabega yangu, samahani, ni ya kubebea magunia. Nilicheka huku kamasi zikinitoka. Kwa miaka yote hiyo walikuwa hawajawahi kunitania.

Tantine akaniamuru nisimame nijaribu kukifunga cha juu. Nilikifunga kama taulo ya bafuni, kikaporomoka, chumba kizima kikaangua kicheko. Akaja mwenyewe, akanizungusha, akakivuta kiunoni kwa nguvu za mtu anayegeuza wagonjwa kitandani kila siku. Hakikukaa. Akanipiga kofi dogo tumboni.

"Pumua," akasema. "Unajikaza juu ya nini? Mwanamke ya kwetu hafungake kikwembe na pumuzi ndani."

Nikaiachia pumzi yote, naye akakaza.